Siku Arobaini za Bibi Harusi wa Tororo

…na hapo ndipo uliponikatiza Jumanne, Mama Syprose, likaingia tangazo la mbegu za mahindi, nikabaki na simu sikioni nikisema "haloo, haloo" kwa mahindi. Kwa hiyo naendelea palepale. Nimeandika kwenye karatasi nikapiga picha, maana mambo haya ukiyasema hewani majirani huongeza sauti ya redio. Naomba unisaidie, lakini kabla ya shida naomba usikie furaha, kwa sababu nikikupa shida peke yake utadhani ninajuta, nami sijuti hata dakika moja.

Nimeolewa! Mimi Benedeta wa Lumino, mwenye miaka thelathini na tisa, niliyekwisha kuhesabiwa na shangazi zangu pamoja na vyombo vya kubaki nyumbani, nimeolewa kanisani Tororo, kwa gauni jeupe, na mwanamume aliyelishona gauni hilo kwa mikono yake. Owor ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Nilikwenda kwake na sare za watoto wa dada yangu, akanipima mimi badala ya watoto. Alipoanza kunichumbia nilimweleza wazi kwamba miaka miwili nyuma niliugua saratani ya mlango wa kizazi, nikapigwa mionzi Kampala, ya nje na ya ndani, nikapona, lakini mtoto sitazaa. Aliweka chini mkasi, akasema, "Mimi watoto iko wawili, wakubwa. Bibi yangu alikufa. Mimi natafuta mtu ya kuongea naye." Mama Syprose, ungemwacha mtu wa namna hiyo? Mimi ni Msamia, yeye ni Mjapadhola, lugha ya mwenzake hakuna anayeijua, kwa hiyo ndoa yetu inaendeshwa kwa Kiswahili cha sokoni, na kila asubuhi ananiambia kwa Kiswahili hichohicho kwamba mimi iko mzuri. Nayeyuka.

Sasa shida. Mionzi iliua ugonjwa, lakini iliwachoma na majirani wake. Nikicheka, nikipiga chafya, nikiinua ndoo, mkojo unanitoka kidogo. Na kule ambako mke na mume hukutana pamekauka, pamekaza, pana maumivu. Kwenye kliniki ya misheni kuna dada mmoja anaitwa Sandra, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, huja mara mbili kwa mwezi. Aliniambia kwamba chini ya nyonga kuna misuli iliyobeba kibofu na kizazi kama kamba zinavyobeba godoro, na kwamba kamba zangu nyingine zimelegea na nyingine zimekakamaa. Akanifundisha kukaza kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, kuhesabu hadi kumi, kuachia kabisa, kupumzika, kurudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Akanipa pia vipanuzi vinne vya plastiki nyeupe, laini, kuanzia chembamba hadi kinene, vya kutumia polepole ili njia isizibe. Kila kitu alinieleza vizuri mno. Mimi ndiye niliyekiharibu.

Usiku wa harusi yetu niliumia nikalia. Owor akashtuka, akauliza, "Mimi naumiza wewe?" Nami, badala ya kusema ndiyo, ni mionzi, nisaidie, nilifungua kinywa nikasikia kinasema kwamba nilimwekea Mungu nadhiri ya siku arobaini. Sijui ilitoka wapi! Mume wangu, malaika yule, akakaa kitandani akafikiri, akasema, "Mungu iko mbele. Mimi nangoja." Akavuta blanketi lake akalala ukutani kama mlinzi.

Kesho yake nadhiri ikapata mashahidi. Ili nisisahau mazoezi, Sandra aliniwekea kengele kwenye simu: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Wewe ni Mkatoliki, umeshaelewa. Ni saa za sala ya Malaika wa Bwana. Owor akamwona mkewe, kengele ikilia, anaacha mwiko, anafumba macho, anakunja uso, ananyamaza, kisha anashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Alinitazama siku tatu. Siku ya nne akavua kofia, akasimama nyuma yangu akafumba macho naye.

Angeishia hapo ningesema ni siri ya nyumba yetu. Lakini ana furaha kama mimi, na mwenye furaha hafungi mdomo. Akamwambia katekista Cornelius, na Cornelius akanitangaza kanisani, akasema kuna bibi harusi mpya katika parokia hii anayewaaibisha waliooana miaka ishirini. Jumapili iliyofuata wanawake sita waliweka nadhiri ya siku arobaini kama yangu. Sita! Waume zao hukaa na Owor kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, na sasa akipita hawampi mrija wa kunywea. Mmoja alimwambia, "Owor, bibi yako amefungia sisi nyumba zote. Mwambie apunguze utakatifu." Owor alinisimulia hayo kwa fahari.

Na jumuiya ya kanisa ikahamia kwangu. Kila Alhamisi saa tisa akina mama wanakuja nyumbani niwaongoze katika sala ya kimya. Wananiuliza nasali vipi, nami siwezi kudanganya zaidi ya nilivyokwisha kudanganya, nawaambia hesabu hadi kumi, achia, pumzika. Wanasema wanahisi amani.

Alhamisi iliyopita mama mkwe wangu, mama Apio, alikuja kutandika meza: kitambaa cheupe, msalaba, maua. Mshumaa hakuna. Kabla sijameza chai yangu alikuwa ameshaingia chumbani. Mama Syprose, vile vipanuzi nilikuwa nimevificha ndani ya boksi la mishumaa, kwa sababu nyumba yenye sola nani atatafuta mshumaa? Akatoka na namba tatu. Akaisimamisha kwenye kinara, ikakaa wima kuliko mishumaa yote ya parokia. Cornelius, aliyekuja kutufungulia sala, akawasha kiberiti. Akawasha cha pili.

"Hii mshumaa haina utambi," akasema mama Apio.

"Geuza, mama. Labda utambi iko chini," akasema mama mmoja.

Wakageuza. Cornelius akaichunguza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti, akatoa hukumu: "Hizi vitu za Kenya. Wanatengeneza haraka haraka."

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka hadi nikasikia maji yanashuka, nikakimbia nje nimebana magoti, na nyuma yangu nikasikia wakisema Roho amemshukia. Niliporudi mama Apio alikuwa amefunga namba tatu kwenye leso yake akaitia kwenye mkoba. "Jumamosi mimi nakwenda Busia," akaniambia, akanishika mkono. "Nitarudishia huyo mtu ya duka mshumaa yake. Hawezi kuibia bibi harusi wangu." Na macho yake yalikuwa na upendo mtupu.

Kwa hiyo Jumamosi hii mama mkwe atakuwa anabishana na wenye maduka ya Busia akiwaonyesha kile kitu, mmoja baada ya mwingine, na Jumamosi hiihii siku arobaini zinakwisha. Owor ameshanunua sukari na kuku. Anashona shati jipya, anajifanya ni la mteja.

Senge wangu Damalie, dada ya baba, ambaye nilimdokeza nusu tu ya jambo, aliniletea kutoka sokoni unga kwenye karatasi. Akaniambia, "Weka kidogo ndani, mwana wange, unabana, unakuwa kama msichana wa kidato cha pili." Nilimwambia, senge, shida yangu ni kubana. Akasema, "Hakuna mwanamume aliyewahi kulalamika juu ya hiyo." Unga uko kwenye mfuko wa koti langu, sijautumia, ila naufikiria.

Nimefikiria pia kuongeza nadhiri ifike siku sabini. Owor atakubali, na hilo ndilo linaloniliza. Mimi siogopi maumivu, nimelala chini ya mashine kubwa kuliko nyumba yetu nikiwa peke yangu na sikupiga kelele. Naogopa uso wake. Fundi akifungua jora akakuta kitambaa kina kasoro hulirudisha dukani, nimemwona akifanya hivyo, bila hasira, kwa adabu kabisa. Mama Syprose, nampenda. Nimwambieje, na kwa maneno gani, wakati Kiswahili chetu kina maneno ya vifungo na vitunguu tu?

Nijibu kwenye simu kwanza. Wasikilizaji wasomee baada ya Jumamosi kupita.

Mimi Benedeta, bibi harusi mwenye furaha, Tororo. (Jina ulibadilishe, na ya wote. La senge Damalie liache, huyo nataka ajulikane.)

MAMA SYPROSE ANAJIBU

Benedeta, hongera. Nimecheka hadi mwenzangu wa studio akaja kuchungulia, kisha nimevua miwani nikajipangusa macho, na hayo hayakuwa ya kicheko. Majina hayatakusaidia kitu, mwanangu. Hata nikikuita wewe Malkia na mama mkwe Farasi, jumuiya nzima itatambua ule mshumaa. Kwa hiyo nakujibu wewe kwanza, na leo ni Jumatatu, una siku za kutosha ukiacha kuandika na kuanza kusema.

Hapana, hutaongeza hadi sabini. Bwana wetu mwenyewe jangwani aliishia arobaini, na yeye hakuwa na mume anayemsubiri ukutani.

Unga wa senge mwage chooni leo, na karatasi yake. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na moja kabla redio haijaniokota. Nimewasafisha kwa mikono hii wanawake waliotia unga huo ndani wakiwa wazima kabisa, wameungua, wana vidonda. Wewe mahali hapo palishapigwa mionzi, ngozi yake ni nyembamba kama ya mtoto mchanga. Wauza unga wa Busia wana dawa moja kwa wanawake wote, walegevu na waliokaza, wazee na wasichana, na anayepona siku zote ni muuzaji. Damalie nitamtaja kama ulivyoomba. Damalie, mwanangu, unanisikia: kaa mbali na nyonga za watu.

Sasa sikiliza kuhusu mwili wako. Maumivu hayo si adhabu, na si ubaya wa mumeo, na si kwamba ugonjwa umerudi kwa sababu tu umeumia. Wanawake wengi waliopigwa mionzi ya nyonga hupata hayohayo: ukavu, njia kusinyaa, mkojo kuponyoka. Tena wengi huambiwa tu "umepona, nenda nyumbani", wakarudi nyumbani wakakaa nayo kimya hadi wazeeke. Wewe ulipata bahati ya Sandra, ukamgeuza kuwa kengele ya kanisa.

Mazoezi yako umeyafanya nusu. Naona kwenye barua yako unakaza ukiwa umesimama jikoni, umekunja uso, mume nyuma yako, mwiko unaungua. Misuli hiyo haikazwi kwa uso. Lala chali, kunja magoti, pumua, uso ulegee, matako yalegee. Na kwako wewe kuachia ndiko kwenye kazi kubwa kuliko kukaza. Ukihesabu kumi za kukaza, hesabu kumi nyingine za kuachia, hadi usikie kabisa kwamba umeachia. Mwambie Sandra akupime upya akuambie ni wapi pamelegea na ni wapi pamekakamaa, maana dawa zake ni mbili na hazifanani. Vipanuzi vitumie kama alivyokuonyesha, na jeli ya kulainisha ya kliniki, ile ya maji, si mafuta ya kupikia wala ya kupaka mwilini. Anza na kile chembamba, dakika chache, bila kulazimisha. Alama kidogo ya damu baada yake mweleze Sandra. Damu nyingi, au damu inayokuja bila sababu, usimngoje mtu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na usiache kunywa maji ili mkojo usitoke. Najua umeshaanza, wote huanza hivyo. Mkojo mkali ndio unaokichokoza kibofu. Vaa pedi, kunywa maji, cheka.

Ile namba tatu usiitumie tena. Kifaa kilichopigwa viberiti viwili na kukaguliwa na katekista kimestaafu. Omba kingine.

Kuhusu mama mkwe, kesho asubuhi nenda kwake kabla hajapata hasira za safari. Mwambie hivi: "Mama, kile si mshumaa. Ni kifaa changu cha hospitali, cha baada ya mionzi. Niliona haya kusema." Kisha nyamaza. Hatakuuliza swali la pili. Mwanamke aliyezaa anajua siri za chini kuliko wewe, na mimi naapa kwa mkasi wangu wa ukunga kwamba yeye mwenyewe akipiga chafya hubana miguu. Wale wanaokuja kwako Alhamisi, watazame vizuri wanapoinuka kwenye mkeka. Nusu yao wanabana mkojo. Unadhani amani wanayoihisi inatoka wapi? Ni mara ya kwanza mtu kuwaruhusu wakae chini, wanyamaze na kuusikiliza mwili wao. Siku utakayowaambia ni mazoezi, watakushukuru kuliko walivyokushukuru kwa sala. Ila waambie wewe, kwa kinywa chako, kabla Cornelius hajalifanya fundisho la Kwaresima. Na wale waume sita waachiliwe. Wamekosa nini?

Sasa Owor. Hapa nakugombeza, kaa vizuri.

Mwanamume alikuambia mapema kabisa, mkasi umelala mezani, kwamba anatafuta mtu wa kuongea naye. Hakusema anatafuta mtakatifu. Wewe ukampa mtu wa kunyamaza naye kwa siku thelathini na tano, na yeye akavua kofia akanyamaza pamoja nawe bila kujua ananyamazia nini. Unaogopa atakurudisha kama kitambaa chenye kasoro. Benedeta, kasoro ulimwonyesha kabla hajakata! Saratani ulimwambia. Mionzi ulimwambia. Kizazi ulimwambia, jambo ambalo wanawake wenye ujasiri mara kumi yako wameshindwa kulisema. Alikubali jora zima. Kitakachomuumiza si mwili wako, ni kujua kwamba alilala ukutani akiamini anamheshimu Mungu, kumbe alikuwa anafichwa jambo na mkewe. Kila siku unayoongeza inauma zaidi. Na mbaya kuliko yote, aliuliza swali zuri kabisa, "Mimi naumiza wewe?", na hadi leo hajajibiwa. Unadhani haliko kichwani mwake?

Unasema hamna maneno. Mnayo. Nenda kesho dukani kwake baada ya chakula cha mchana, mashine ikiwa imetulia, ukae kwenye kile kiti cha wateja. Useme: "Owor, sikuweka nadhiri. Niliumia, nikaogopa. Si wewe, ni mionzi. Kuna mazoezi, kuna kifaa, kuna daktari wa hayo. Nataka unisindikize." Umeona? Maneno ya sokoni matupu, na yote yameingia. Akinyamaza, mwache anyamaze. Fundi hupima mara mbili. Akiuliza, jibu lililoulizwa, usikimbilie Biblia.

Na Jumamosi si siku ya mtihani. Kuku mle, sukari mnywe, shati avae, mkalale mkiwa mmekumbatiana, hakuna atakayesahihisha karatasi. Safari ya kliniki ndiyo itakayofuata. Mwende wawili, Sandra amweleze yeye pia, maana mwili huo sasa mnautunza wawili. Mambo mengine yatakuja kwa mwendo wake, wiki kwa wiki, na siku mtakayojaribu tena, mjaribu mkiongea, na wewe ukisema "ngoja" awe anajua anangoja nini.

Basi. Nimesema mengi kuliko tangazo la mahindi.

Kabla mwezi haujaisha nitakuja Tororo, nina rafiki pale misheni na nimechoka kumwahidi. Nitapita kwenu. Wewe sitakuuliza kitu. Nitakaa na Owor, nitamwuliza kengele ya saa sita ni ya nini. Akinieleza mazoezi, hata akiyakosea, nitavua viatu nile. Akiniambia ni saa ya sala, nitachukua mkoba wangu nirudi kwangu Busia na njaa yangu, na utanisindikiza hadi barabarani, jua la saa sita kichwani, ukinieleza kwa nini.